Mwenye Nyumba Aliyechungulia Majiko Yetu

Kabla hata salamu hazijaisha, mwenye nyumba wetu wa Mtawanya aliniuliza, "Unapikia nini?"

Nilikuwa nimesimama katikati ya ua wake, mwanangu Upendo mgongoni, mabegi chini, mume wangu bado anashusha godoro kwenye guta. Nilidhani nimesikia vibaya. Mwenye nyumba wa kawaida huuliza mko wangapi, baba anafanya kazi wapi, mnakaa kwa muda gani. Huyu hakutaka kujua kwamba tumetoka Njombe, wala kwamba mume wangu amepata kazi bandarini. Alitaka kuliona jiko.

"Jiko la peleti, Mama," nikamjibu, nikalifungua kutoka kwenye kanga niliyokuwa nimelifungia.

Lilikuwa bado jipya, la bati, refu kama ndoo, na feni ndogo chini yake inayoendeshwa na betri. Peleti zenyewe, kwa asiyezijua, ni pumba za mbao zilizoshindiliwa zikawa vijiti vifupi; ukizikuta kwenye gunia unaweza kuwamwagia kuku. Aliinama, akalinusa jiko, akapitisha kidole kwenye matundu ya hewa, akakitazama kidole. Kisha akatutazama sisi, mume wangu, mimi, mpaka Upendo, kama watu waliokamatwa na mzigo wa magendo.

"Utalikoka hapa barazani, nikuone," alisema. "Ndani haliingii."

Jioni hiyo hiyo mpangaji wa chumba cha kona, mwalimu wa shule ya msingi ambaye alikuwa hajaoa, aliniambia kwa sauti ya chini jina ambalo wapangaji walimpa: Forodha. Hakuna kilichopita langoni bila kukaguliwa.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mjane, mwenye funguo zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Kiswahili chake kilikuwa cha Kimakonde hasa: kwake mtu alikuwa "ntu" na mlango "nlango", na mji wetu ulikuwa Ntwara. Alikuwa na tabia moja iliyotukera kuliko zote. Akikaribia mlango wa mpangaji alivua kandambili zake, akazishika mkononi, akatembea peku. Ulikuwa unachambua mchele, unainua macho, unamkuta amesimama dirishani kimya, pua mbele.

"Shikamoo, Mama. Karibu."

"Marahaba. Jiko lako linakohoa."

Na anaondoka. Hasemi kinachofanya likohoe. Unabaki na jiko lako, unaligeuza huku na huku, huna raha ya chakula. Kesho yake unagundua feni imejaa vumbi na nywele, unaisafisha, moto unarudi kuwa wa bluu. Lakini badala ya kushukuru unajiuliza alisimama pale kwa muda gani, na alisikia nini kingine.

Maana mimi na mume wangu tulikuwa tunazungumza mambo yetu jikoni. Tulikuwa wageni, Wakristo kati ya majirani ambao karibu wote walikuwa Waislamu, na ingawa hakuna aliyetufanyia ubaya, mgeni husikia hata yasiyosemwa. Mume wangu alianza kuongea Kibena, lugha ya kwetu, hata tukiwa peke yetu. "Yule mama anatafuta kitu," alikuwa akisema. "Mtu hawezi kupenda majiko ya watu kiasi hicho."

Jikoni kwenyewe, kile kijichumba cha ndani tulimochambulia mchele na kuweka vyombo, hakukuwa na dirisha la kufunga. Siku tunahamia tuliona fremu na bawaba, lakini ubao hakuna. Mvua ikija ilinyesha mpaka kwenye vyombo. Nilimwendea kumuuliza.

"Mbao ninazo mimi," alijibu. "Ziko chumbani kwangu."

"Sasa mbona hamkuziweka, Mama?"

"Nikiziweka, nyie ntazifunga."

Nilirudi nimekasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba madirisha ya chumba chake mwenyewe, yale mawili ya mbele, yalikuwa yamepigwa misumari. Alilala humo ndani kama mtu aliyefungiwa sandukuni, joto la Mtwara linavyojulikana, huku sisi akitulazimisha kuishi na upepo. Mwalimu aliwahi kumwambia hivyo usoni. Alimjibu, "Mimi silali na moto," akaendelea kuanika mihogo yake.

Hilo nalo lilikuwa ajabu. Yeye hakuwa na jiko la peleti. Alipikia mafiga matatu chini ya kibanda nyuma ya ua, kwa kuni na matawi ya mkorosho, moshi ukimfunika mpaka humwoni. Jiko la peleti hakuliamini kabisa. "Moto unaopulizwa na mashine, betri ikifa unabaki na nini?" alisema. "Unabaki na makaa yanayokutazama." Hata hivyo alijua namna ya kulitumia kuliko sisi tuliolinunua. Mwalimu alinieleza alikojifunzia. Wauza majiko walikuja kuonyesha bidhaa zao karibu na soko, wakaweka meza na sufuria ya wali. Mwenye nyumba wetu alisimama mbele asubuhi nzima na kuuliza. Ukijaza peleti hadi juu, zikaziba matundu, inakuwaje? Ukiongeza nyingine moto ukiwa unawaka? Likimwagika? Moto ukiisha na yale makaa yamebaki mekundu, unayaweka wapi? Yule kijana wa mauzo alijibu yote kwa heshima mpaka wanunuzi wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakihisi kuna jambo wanafichwa. Mwishowe akakunja meza.

"Hakununua?" niliuliza.

"Atanunua wapi! Alichukua maneno, akaacha jiko."

Magunia yetu hayakusalimika. Mwalimu akileta gunia la peleti kutoka mjini, mwenye nyumba alikuwa wa kwanza kuingiza mkono. Alitoa kijiti kimoja, akakisogeza sikioni, akakivunja. Kikilia, aliridhika. Kikifanya unga mkononi bila mlio, alijua kimevuta unyevu, na akaliburuta gunia zima juani bila kuomba ruhusa. Sisi tulioishi karibu na bahari tulijua chumvi inavyolowa kwenye kopo. Peleti zililowa vivyo hivyo, na zikilowa zilitoa moshi mzito uliowaliza watoto. Lakini kuburuziwa gunia lako na mtu mwingine hakupendezi, hata kama ana haki.

Kuna wakati mwalimu, peleti zilipoadimika, alichanganya na maganda ya korosho aliyoyapata kijiji cha Ziwani kwa jamaa zake wa shule. Maganda yale yana mafuta makali. Yakikugusa mbichi ngozi inababuka. Aliyamimina kwenye jiko, akawasha, akaingia kusahihisha madaftari. Moshi uliotoka ulikuwa wa njano, unawasha macho na koo. Mwenye nyumba alikuja na bakuli la mchanga, akaufukia moto wote, na chakula kikiwa juu. Mwalimu akatoka amefura.

"Mama, hata kuniita hamwezi?"

"Ningekuita ungekuja na maneno. Sasa tazama." Akamwonyesha ndani ya jiko. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye matundu kama lami. "Hili halivuti tena mpaka ulikwangue."

"Lakini nyinyi wenyewe mnachochea maganda kule nyuma! Kila siku nawaona."

Hakubabaika hata kidogo. "Mimi napikia nje. Na macho ni yangu."

Mwalimu alilikwangua jiko kwa msumari siku mbili tatu, na kila mtu aliyempita alielezwa kwamba mwenye nyumba ana wivu. Baadaye aligundua kwamba maganda yaliyobaki kwenye gunia lake yamepungua. Yeye aliapa kwamba yamehamia kwenye mafiga ya nyuma. Sikuona, siwezi kuthibitisha. Ila siku hizo moshi wa kule nyuma ulikuwa wa njano.

Mume wangu naye alipata zamu yake. Alitoka bandarini na njaa, jiko likamzimikia kabla maji hayajachemka. Badala ya kulisubiri lipoe, alichukua chupa ya mafuta ya taa akamimina kwenye peleti zilizokuwa bado za moto. Ulipanda mvuke mweupe, kisha ukashika moto kwa mlio mmoja. Nyusi zake ziliondoka. Kabla sijafika, mwenye nyumba alikuwa ameshatokea barazani, amezima feni, amemsukuma mume wangu ukutani. Hakumpa pole, hakumgombeza. Aliichukua ile chupa ya mafuta ya taa akaondoka nayo, na hatukuiona tena. Mume wangu, uso umepakwa dawa, alikuwa akiuliza kwa wiki nzima, "Huyu ni mwokozi au ni mwizi?"

Lakini haya yote tungeyavumilia. Kilichotutia hofu ya kweli kilikuwa majivu.

Kila asubuhi, baada ya swala, mwenye nyumba alizunguka na ndoo ya bati yenye mfuniko. Alipita kwa kila mpangaji, akalipindua jiko lililopoa, akapokea majivu na vipande vya mkaa vilivyobaki, akafunika, akaenda nayo. Hakuruhusu mtu amwage majivu yake mwenyewe. Ukiyamwaga jalalani alikwenda kuyazoa. Mara moja nilimwona akichokoa jalala kwa kijiti, anatenga majivu yangu na maganda ya ndizi.

Kwa kweli nani hajui watu wanavyosema kuhusu majivu ya jiko la mtu? Kwetu milimani wanasema mtu hulogwa nayo, na huku Pwani wanasema. Jirani wa nyumba ya pili, aliyekuwa akija kunisuka nywele, aliniuliza kama nimewahi kuona yanakopelekwa. Nilipomwambia sijui, alikaza msuko aliokuwa akiusuka, akaanza habari nyingine. Nikaanza kuhesabu mikosi yetu. Upendo alipata vipele. Mume wangu alihamishiwa zamu mbaya. Mambo ambayo humpata kila mtu, lakini ukishaanza kutilia shaka unapata ushahidi kila unapogeuka.

Asubuhi moja nikamfuata. Alipita nyuma ya vyoo, akakata kati ya mikorosho ya jirani, akafika kwenye shimo alilolichimba pembeni ya kiwanja. Alimwaga majivu humo. Akamimina maji kutoka kwenye dumu, akakoroga kwa mti mrefu, akainama kusikiliza. Shimo lilitoa sauti, *shii*. Akamimina tena, akakoroga, akasikiliza tena mpaka likanyamaza. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Sogea tu, Mama Upendo. Unakanyaga majani makavu kama ng'ombe."

Nilisogea, aibu imenijaa.

"Majivu ya jana yana moto wa leo," alisema. "Nilikuwa na nyumba kule Ziwani, ya makuti. Ntu alimwaga majivu yamelala usiku kucha, karibu na ua. Upepo ukaja nchana. Mama yangu alikuwa ndani, miguu haifanyi kazi."

"Pole, Mama. Alipona?"

Alichukua ndoo yake akaanza kurudi. 

Nilimsimulia mwalimu, na mwalimu akacheka. Yeye naye alikuwa amewahi kumuuliza, na akaambiwa kwamba majivu ni ya kuwekea maboga, yanafukuza wadudu. Habari ya nyumba wala ya mama haikutajwa. Na kweli maboga yalikuwapo pembeni ya shimo, yamenenepa. Jirani msusi alikuwa na habari ya tatu, kwamba mama yake alifariki kitandani kwa uzee na nyumba ya Ziwani ipo mpaka leo. Basi nikabaki na mambo matatu mkononi, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kulitupa.

Hali ilikuwa hiyo alipohamia Zuhura.

Alikuwa binti wa vijiji vya upande wa Mnazi Bay, mke mpya, mimba ya kwanza. Mumewe alikuwa mlinzi kwenye mitambo ya gesi, anaondoka alfajiri na anarudi giza linaingia. Aliniita dada tangu siku ya kwanza, akawa anakuja kukaa kwangu mchana. Na kama wageni wote, alipokea habari za mwenye nyumba kutoka kwetu kabla hajamjua mwenyewe. Alielezwa na jirani msusi habari za majivu. Kwa mwanamke mwenye mimba changa, huo ulikuwa mzigo mzito.

Alianza kwa kumwaga majivu yake kwenye mfuko wa plastiki na kumpa mumewe aondoke nayo. Mfuko ukatoboka njiani ukamchoma mguu. Kisha akakata kipande cha nailoni nyeusi akakigongomea kwenye dirisha la jikoni, pembe hadi pembe, ili asichunguliwe. Mwenye nyumba alikiondoa. Akakirudisha. Kikaondolewa tena.

"Binti," nilimsikia akimwambia, "hewa iingie."

"Mvua inaingia, Mama."

"Mvua haiui."

Zuhura alikuja kwangu mbio. "Dada, umesikia? Amesema kitu kitaniua."

Nilimwambia hakumaanisha hivyo. Lakini nilimwambia bila nguvu, maana hata mimi sikuwa na hakika na anachomaanisha yule mama.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua ya mfululizo, ile ambayo nguo hazikauki na kuta zinatoa jasho. Mwalimu alikuwa shuleni, mume wangu bandarini. Zuhura alipika barazani kama kawaida, nikamwona akiepua sufuria. Moto ulikwisha, likabaki lile kaa jekundu lisilo na moshi. Aliangalia upande wa mbele, kwa mwenye nyumba, hakuona mtu. Akalibeba jiko kwa kitambaa akaingia nalo jikoni kwake. Nilidhani analitoa kwenye mvua tu. Nikaendelea kufua ndani ya chumba changu.

Sijui muda gani ulipita. Nilisikia sauti ya mwenye nyumba ikiita, "Binti! We binti!" Mara ya pili ilikuwa kali. Kisha nikasikia kishindo cha mbao.

Nilitoka mbio nikamkuta na mchi wa kinu ameuinua, anaupiga mlango wa Zuhura. Nilimshika mkono. Kwa kweli nilidhani amerukwa na akili.

"Mama, mnafanya nini?"

"Niachie! Ntoto anakufa!"

Akapiga tena, komeo likang'oka na kipande cha mbao. Hewa iliyotoka ndani haikuwa na harufu ya moshi wowote. Ilikuwa joto tu, nzito, kama ya chumba cha mgonjwa. Nailoni ilikuwa dirishani, imebanwa na mto chini. Kamba ya nguo ilikuwa imefungwa ukuta hadi ukuta, nguo zimeanikwa, jiko liko chini yake, jekundu. Zuhura alikuwa amelala kwenye mkeka mdomo wazi, midomo myekundu isivyo kawaida.

"Shika miguu!" alisema mwenye nyumba.

Tukamvuta mpaka barazani, mvua ikimpiga usoni. Yeye akarudi ndani. Nilipiga kelele kwamba asirudi, lakini akatoka na lile jiko amelikumbatia kwa kanga, akalitupa uani kwenye maji. Lilipasuka kwa mvuke. Vidole vyake vilikuwa vimeiva.

Majirani walianza kuingia. Mmoja alikuja na glasi ya maziwa, kwani ndivyo tunavyofanya kwa mtu aliyedhurika na sumu.

"Nsimpe kitu ndomoni!" mwenye nyumba alifoka. "Nlazeni ubavu. Nyie mliosimama, rudini nyuma, mnanlia hewa."

Jirani msusi hakuwa anamtazama Zuhura. Alikuwa anautazama mlango. "Kumbe umevunjwa," alisema, si kwa mtu fulani.

Tulimpakia kwenye bajaji, mimi nikiwa nimekipakata kichwa chake. Njiani alitapika, akalia, nikajua yuko hai. Hospitali walimwekea hewa ya mashine. Daktari aliniuliza kama kulikuwa na jiko ndani, nikamwambia. Akasema makaa ya aina yoyote, ya mkaa au ya peleti, yakibaki kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kwamba mtu huisikia kama usingizi. Aliniuliza nani alimtoa. Nikasema mwenye nyumba. "Mwambieni amefanya la maana," alisema. Mimba ilikuwa salama.

Ungedhani hapo ndipo tulipombeba juu juu. Haikuwa hivyo. Mume wa Zuhura alikuja na kitu kimoja tu kichwani, na alikirudia kwa kila aliyempa pole: "Alijuaje?" Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Dirisha lina nailoni. Moshi hakuna. Mtu wa chumba cha mbele alijuaje kwamba mke wake anakufa, kama si yeye aliyekuwa anamuua? Maneno hayo yalienea mtaani, na nakiri yalikuwa na uzito. Nilijaribu kuyapinga usiku kitandani nikashindwa.

Mwenyekiti wa mtaa alituita barazani kwake, mvua ikiwa imekatika. Mume wa Zuhura alisema yake. Mimi niliulizwa kama nililiona komeo, nikasema ndiyo, lilikuwa limefungwa kwa ndani, liling'oka mbele ya macho yangu.

"Basi, Mama," mwenyekiti alimwambia mwenye nyumba, kwa heshima. "Kijana anauliza. Mlijuaje?"

Alikuwa amekaa na mkono wake uliofungwa bandeji juu ya paja. "Nilikuwa nachungulia."

Akainua kidole kimoja cha mkono mzima.

"Chini ya ile nailoni, pembeni mwa nto, pana uwazi wa kidole. Nilivua ndala, nikainama, nikachungulia. Ndiyo kazi yangu kila siku. Nawachungulia wote." Akamgeukia mume wa Zuhura. "Wewe nakuona unakula nkate umejificha nyuma ya nlango, nkeo asikuone. Mwalimu anaongea na picha ya ntu. Mama Upendo na nume wake wananitukana kwa kikwao, wanadhani sijui."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote wakacheka, hata mwenyekiti. Mume wa Zuhura hakucheka, uso ulimwiva. Niliona kwamba amepata jibu la swali lake, na kwamba jibu lenyewe limemuudhi kuliko lile alilokuwa akilidhania.

Walihama wiki hiyo hiyo. Nilimsaidia Zuhura kufunga vyombo. Alikuwa amepona, ila kichwa kilikuwa kikimuuma.

"Umemuaga Mama?" nilimuuliza.

"Bado." Alikuwa akifunga kamba kwenye godoro, akaifunga, akaifungua. "Dada, nilimwogopa yeye. Hilo jiko wala sikuliwazia."

Aliondoka bila kumuaga. Mwenye nyumba alisimama langoni, akawatazama wakipakia, na guta lilipokuwa linaanza kutembea alilisimamisha. Tulidhani atasema neno. Aliingiza mkono kwenye gunia lao la peleti, akavunja kijiti sikioni, akaliachia liende.

Sisi tulikaa mpaka mume wangu alipopata nyumba ya kazini. Siwezi kusema nilimpenda. Niliendelea kuzungumza Kibena, sasa kwa sauti ya juu zaidi. Lakini sikuziba dirisha, na nilipohamia kwangu nilimwambia fundi aache uwazi mpana juu ya sehemu ya jiko. Majivu nayakoroga na maji. Upendo huniuliza nasikiliza nini.

Nilimwona tena mara moja. Nilisikia kwamba amedhoofika na binti yake amempeleka kwake Ziwani, nikaenda kumjulia hali na kilo ya sukari. Nyumba ilikuwa nzuri, ya matofali, iko kati ya shamba la mihogo. Binti yake alinipokea kwa furaha ya mtu aliyekosa wa kuzungumza naye. Mama alikuwa kwenye kiti cha kamba upenuni, amekonda sana, macho yale yale.

"Shikamoo, Mama."

Aliitazama ile sukari. "Nani kakutuma?"

"Hakuna, Mama. Ni mimi, Mama Upendo wa Mtawanya."

"Nanjua Mama Upendo. Nauliza nani kantuma."

Binti yake alileta chai ya tangawizi, akaiweka karibu yake, akarudi ndani akaegemea mlango. Mwenye nyumba hakuigusa. Alisogea, akaniambia kwa mnong'ono ambao ulisikika hadi ndani, "Humu ndani wananiwekea vitu."

"Ni mtoto wenu, Mama."

"Kwani nimesema si ntoto wangu?"

Chai ilikuwa inapoa. Nikakiinua kikombe, nikanywa funda moja, nikameza mbele yake, nikamfungulia mdomo aone. Alinikazia macho usoni, akaangalia koo langu, akaangalia mikono yangu kama inatetemeka. Inzi alitua kwenye goti lake, hakumfukuza. Aliningoja nife, na mimi nikangoja naye.

Kisha akanyoosha ule mkono wenye makovu, akakichukua kikombe, akanywa yote bila kupumzika.

"Ongeza," alisema, akanirudishia.

Nilipogeuka kumpa binti yake, nilimkuta amejifunika uso kwa kanga. "Tangu juzi," aliniambia. "Tangu juzi, dada, hajanywa kitu mkononi mwangu."